Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: tuna deni gani kwa mtu aliyepoteza kazi?

Tulikuwa kwenye matanga, hapa katika mtaa wetu wa Lubumbashi. Marehemu alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, fundi wa mashini. Alikuwa ametumika miaka mingi katika kampani moja ya migodi, kisha akaachishwa kazi pamoja na wenzake. Alikaa bila kazi miaka mitatu. Siku alipokufa, watu walikuja wengi sana. Kijana mmoja alikaa kwenye meza ndogo na daftari, akawa anaandika majina na feza: huyu elfu kumi, yule elfu ishirini, jamaa ya mke gunia la unga, watu wa kanisa mafuta na sukari, majirani kuni na maji. Sanduku lilipatikana, basi ya kwenda makaburini ilipatikana, chakula cha siku tatu kilipatikana.

Mjane aliangalia daftari ile, akasema polepole, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: «Hata nusu ya hii feza, kama balimupatia wakati alikuwa muzima, pengine hangekufa.»

Mzee mmoja tu ndiye aliyejibu: «Mama, mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Mutu hawezi kulishwa miaka mitatu.» Watu wakanyamaza, kisha wakarudia kuimba.

Tangu siku ile maneno yale mawili hayajatutoka. Tunaona kwamba mjane alisema kweli, na mzee naye alisema kweli. Lakini kweli mbili zinazopigana sherti zipatanishwe. Ndiyo kazi tunayotaka kuijaribu katika kurasa hizi. Swali letu ni hili: mtu aliyepoteza kazi bila kosa lake, nani ana deni kwake? Jamaa yake? Kampani iliyomtumikisha? Ao Leta, maana yake sisi wote, kwa feza ya wote?

Juu ya nini tunachangia maiti

Tuanze na jambo tunalolijua vizuri. Hakuna Mkongomani anayezikwa peke yake. Hata maskini wa mwisho, majirani watasimama. Lakini yule yule, akiwa mzima na bila kazi, atapita mbele ya milango ile ile, na milango haitafunguka. Je, tuna roho mbaya? Hatufikiri hivyo. Tukichunguza desturi ya matanga, tunaona mambo matatu yanayotuwezesha kutoa bila kunung'unika.

La kwanza, kifo kinaonekana. Mwili uko pale, hakuna mtu anayeweza kusema marehemu anadanganya. La pili, kifo kina mwisho wake. Siku tatu, ao wiki moja, kisha matanga yanaondolewa, kila mtu anarudi kwake. Anayetoa anajua anatoa kwa muda gani. La tatu, kifo kina zamu. Leo ni kwako, kesho ni kwangu, na daftari inakumbuka. Asiyechangia wenzake, siku yake atawaona watu wachache.

Kukosa kazi hakuna hata jambo moja kati ya hayo matatu. Hakuonekani wazi: tunajiuliza kama ndugu yetu amekosa kazi kweli, ao amekuwa mvivu, ao aliiba kule ndiyo maana wakamfukuza. Hakuna mwisho: ukimpa leo, kesho atarudi, na mwezi ujao vilevile. Tena hakuna daftari: nikimsaidia leo, nani ataniandika ili kesho nami nisaidiwe?

Kwa hiyo tatizo halitoki katika mioyo yetu. Tatizo ni kwamba desturi zetu zilitengeneza chombo kwa ajili ya kifo, hazikutengeneza chombo kwa ajili ya kukosa kazi. Na juu ya nini hazikutengeneza? Kwa sababu wazee wetu wa zamani hawakujua mshahara. Mtu aliweza kukosa mvua, kukosa afya, kukosa watoto. Kukosa kazi, hapana. Udongo ulikuwapo.

Mithali inasema nini hasa

Mzee wa matanga alitumia mithali ile kufunga mlango. Wengi wetu tunaitumia hivyo. Shemeji akifika kutoka Kasenga ao Bukama na mfuko wake, siku ya nne tunaanza kumwimbia: mgeni siku mbili. Lakini tuisikilize vizuri. Mithali haisemi «siku ya tatu mfukuze». Inasema «mpe jembe».

Kumbe kuna sheria tatu ndani ya maneno machache. Sheria ya kwanza: siku mbili za mwanzo mgeni anakula bila kuulizwa. Haombi, hajielezi, hapigi magoti. Chakula kile ni haki yake ya ugeni. Sheria ya pili: siku zile zina hesabu. Ni mbili, si miaka mitatu. Sheria ya tatu ndiyo tunayoisahau: jembe linatoka kwa mwenyeji. Mgeni haambiwi «jitafutie jembe». Mwenye nyumba ndiye analitoa kwenye pembe ya nyumba na kumpatia. Tena jembe bila shamba ni chuma tu. Katika vijiji vyetu mgeni aliyetaka kukaa alipelekwa kwa mkubwa wa udongo, naye alimwonyesha pahali pa kulima. Mbegu za kwanza alipewa na wale waliompokea.

Na mgeni naye ana deni: akipewa jembe, alishike. Akilikataa, hapo kijiji kina ruhusa ya kumwangalia kwa jicho jingine.

Chakula, mpaka wa siku, jembe, shamba, na mgeni kukubali kulima. Mambo haya matano ni fundisho zima juu ya deni la jamii kwa mtu aliyeanguka. Tuangalie sasa kama historia ya kazi katika Katanga ililifuata.

«Kazi njo baba, kazi njo mama»

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Miaka ya kwanza ilitafuta wafanyakazi mbali: Kasai, Rodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi. Walikuja kwa miezi michache, kisha walirudi kwao. Mtu aliyemaliza kazi ao aliyefukuzwa alikuwa na pahali pa kurudi: kijiji. Kampani haikuwa na deni la kumlisha mtu bila kazi, kwa sababu kijiji ndicho kilikuwa sanduku la akiba. Katika shida kubwa ya uchumi ya miaka ya 1930 jambo hili lilionekana wazi. Bei ya shaba ilianguka, na maelfu ya wafanyakazi walirudishwa makwao. Hesabu ya kampani ilionekana kuwa nyepesi, kwa sababu uzito ulikuwa umebebwa na mama zetu walimaji.

Lakini tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampani ilikuwa imeanza njia nyingine. Iliona kwamba kuleta watu wapya kila mara ni gharama, na kwamba fundi anayekaa ana faida kuliko mgeni anayepita. Ikawaruhusu wafanyakazi kuleta wake zao, ikafanya mapatano ya miaka mitatu, ikajenga makambi. Hapo lilianza lile maisha ambalo wazazi wetu wanalikumbuka hata leo: nyumba ya kampani, posho kila wiki, hospitali ya kampani, watoto kuzaliwa mikononi mwa kampani na kusoma katika masomo ya kampani. Ndipo watu wakaanza kusema: «Kazi njo baba, kazi njo mama.» Mwaka wa 1967 Union Minière ikawa ya Leta, na baadaye ikaitwa Gécamines, lakini maneno yalibaki yale yale. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alipoandika historia ya familia za wafanyakazi hawa mwaka wa 2001, aliita kitabu chake kwa Kifaransa jina lenye maana ya «Bana Shaba walioachwa na baba yao».

Tuelewe vizuri kilichotokea. Kazi ilichukua nafasi ya kijiji. Mtoto aliyezaliwa kambini hakujifunza kulima. Hakujua shamba la babu liko upande gani. Baada ya vizazi viwili ao vitatu, kamba ya kwenda kijijini ilikuwa imekatika. Hatusemi kwamba ilikuwa mbaya: ndiyo iliyotupatia mafundi, wauguzi, walimu. Lakini aliyekata kamba ile alijitwika deni. Ukiwa baba na mama wa mtu, siku ya kumwacha huwezi kumwambia: rudi kwenu. Kwao ni kwako.

Bahasha ya mwaka wa 2003

Baba yule alianza kuugua. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka. Mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka wa 1991 yalikuja maporo. Mwaka wa 1994 kampani haikufikisha hata tani 50 000. Mishahara ilichelewa mwezi mmoja, kisha miezi mitatu, kisha watu wakaacha kuhesabu. Walikuwa bado wanaitwa wafanyakazi, waliamka asubuhi, walivaa nguo za kazi, lakini mwisho wa mwezi hakuna kitu.

Mwaka wa 2003 ilikuja ile kazi iliyoitwa kwa Kifaransa Opération Départs Volontaires, yaani kuondoka kwa hiari. Feza ilitoka Banki ya Dunia, katika mradi wa kutengeneza upya kampani za Leta. Zaidi ya wafanyakazi 10 000, karibu nusu ya wote, waliweka mkono kwenye karatasi, wakapokea bahasha, wakaondoka. Kwa wengi ilikuwa miaka ishirini ao thelathini ya maisha. Pamoja na kazi, walipoteza pia haki ya hospitali na masomo ya kampani.

Neno hili «hiari» limezungumzwa sana. Mtu ambaye hajalipwa miezi mingi, watoto wamefukuzwa shuleni, ukimwekea bahasha mbele, je, anachagua? Wengi waliokwenda walisema baadaye kwamba hesabu haikufuata mapatano ya kazi, wakaunda chama chao, na mwaka wa 2009 malalamiko yao yalifika mpaka kwenye kamati ya uchunguzi ya Banki ya Dunia yenyewe. Sisi hatuko mahakama, hatutakata neno hapa. Tunataka tu kuipima kazi ile kwa kipimo cha mithali yetu.

Chakula kilitolewa? Ndiyo, kwa mara moja. Mpaka wa siku ulikuwapo? Ulikuwapo: bahasha moja na kwaheri. Na jembe? Tulichokiona katika mitaa yetu ni bahasha. Jembe wachache ndio waliliona. Mtu aliyezoea kupokea mshahara kidogo kidogo, akapewa feza ya maisha yake yote kwa siku moja, bila mtu wa kumwonyesha shamba liko wapi! Wengine walinunua gari la kubeba watu, likafa baada ya mwaka. Wengine walifungua duka katika mtaa ambapo kila mtu amefungua duka. Wengine walilipa madeni, na bahasha ikaisha mlangoni mwa wenye madeni. Wengine walijenga ao walilima, wakafaulu. Tusiwasahau, maana wanaonyesha kwamba mtu wa kambi si mtoto. Na wengi walikwenda na nyundo na mfuko kuchimba kwa mikono kwenye vilima vile vile walivyokuwa wanachimba kwa mashini.

Sisi walimu tuliona jambo lile darasani. Mtoto anakuja siku mbili, anakosa tatu. Ukimwuliza, anasema: «Papa anasema tungoje.» Wakati ule, na mpaka masomo ya msingi ya Leta yalipotangazwa kuwa bure mwaka wa 2019, wazazi ndio waliobeba sehemu kubwa ya malipo yetu. Kwa hiyo mzazi mmoja akipoteza kazi, mwalimu naye anapunguka, muuza makala anapunguka, mama wa soko anapunguka. Mshahara wa mtu mmoja hapa kwetu ni mto, watu wengi wanateka maji. Ukikauka, si mtu mmoja anayeona kiu.

Artikeli 15 na artikeli 36

Watasema: mambo ya Gécamines yamepita, sasa kuna kampani mpya. Ni kweli kampani zimekuja, hasa baada ya Sheria ya Migodi ya mwaka wa 2002. Lakini mwaka wa 2008 bei ya shaba, iliyokuwa imepita dola 8 000 kwa tani, ilianguka karibu na dola 3 000 kabla ya mwaka kwisha, na katika Katanga kampani nyingi zilifunga milango. Mwishoni mwa 2019, bei ya kobalti ilipokuwa chini, mgodi mkubwa wa Mutanda, upande wa Kolwezi, ulisimamishwa. Ulifunguliwa tena baadaye. Bei inakatwa London, njaa inalala Kolwezi. Mfanyakazi hana kosa lolote katika hesabu hiyo.

Sasa sheria inamwambia nini? Katiba ya 18 Februari 2006, katika artikeli ya 36, inasema kwamba kazi ni haki na ni wajibu mtakatifu kwa kila Mkongomani, na kwamba Leta inahakikisha, pamoja na haki ya kazi, ulinzi dhidi ya kukosa kazi. Imeandikwa hivyo, wazi. Wasomaji wengi watashangaa, maana barabarani tunajua artikeli moja tu, ile ya 15: jipangeni!

Tuangalie vyombo vilivyopo. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2002 inataka mwenye kampani anayemwachisha mtu mwenye mapatano yasiyo na mwisho ampe muda wa kumjulisha: siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Mtu wa miaka kumi anapata siku 84 za kazi. Ni kitu. Lakini leo wangapi wana mapatano ya namna hiyo? Vijana wengi wanatumika kwa kampani ndogo zilizokodishwa na kampani kubwa, kwa mapatano ya miezi michache, yakiisha yameisha.

Kuna CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS ya zamani kufuatana na sheria ya mwaka wa 2016. Kwa kila mshahara inapokea asilimia 18: 13 kutoka kwa mwenye kampani na 5 kutoka kwa mfanyakazi. Inalipa uzee, ajali na magonjwa ya kazi, na msaada wa familia. Kwa mtu mzima, mwenye nguvu, aliyekosa kazi, haina kitu. Kuna INPP, tangu mwaka wa 1964, inayofundisha watu ufundi. Kuna ONEM, tangu mwaka wa 2002, ya kusaidia watu kutafuta kazi.

Tukipima tena kwa mithali: INPP ni jembe. ONEM ingekuwa mtu wa kuonyesha shamba. Kinachokosekana ni chakula cha siku mbili. Na tumbo tupu halishiki jembe. Mtu anayetafuta unga wa jioni hawezi kukaa miezi sita kujifunza kuunganisha vyuma.

Wanaokataa wanasema nini

Tunajua mawazo yanayopinga. Yana uzito, tuyajibu moja moja.

Wa kwanza wanasema: mtakuza uvivu. Mtu akilipwa bila kazi, hatatafuta tena. Jibu liko katika mithali yenyewe: siku zina hesabu, na mgeni sherti ashike jembe. Msaada usio na mwisho ni kosa, wazee walijua. Lakini anayesema maneno haya ajiulize pia: huyu fundi wetu aliyekufa, aliyeamka saa kumi na moja kwa miaka ishirini, uvivu ulimwingia siku gani? Siku kampani ilipofunga?

Wa pili wanasema: Leta haina feza. Hapa tuwe wakweli. Leta yetu ina mizigo mingi, na sisi walimu tunajua. Lakini sheria ya migodi iliyotengenezwa upya mwaka wa 2018 ilifanya jambo moja la kupendeza: katika malipo ambayo kampani zinatoa juu ya madini, asilimia 10 inawekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo, maana siku moja madini yataisha. Tumekubali basi kwamba udongo huu una deni kwa watoto ambao hawajazaliwa. Ni vizuri. Lakini inakuwa vigumu kueleza kwamba hauna deni lolote kwa mtu aliyeuchimba.

Wa tatu wanasema: feza itakuliwa. Wakubwa watakula, na jina la maskini litatumika kama chambo. Hofu hii haitoki hewani. Jibu letu linatoka kwenye likelemba. Juu ya nini feza ya likelemba haikuliwi mara nyingi? Kwa sababu watu ni wachache, wanajuana, na kila mmoja anaona feza ikipita mkononi. Na tusifikiri ni jambo la Waafrika tu. Mwaka wa 1901, katika mji wa Gent, kule Ubelgiji, vyama vya wafanyakazi vilikuwa na masanduku yao madogo ya kusaidiana wakati wa kukosa kazi. Mji haukuyachukua. Uliamua kuongeza feza ya mji juu ya ile ambayo wafanyakazi wenyewe walichanga na kuilinda. Njia hiyo ilifuatwa na miji na inchi nyingine za Ulaya. Tunaona ajabu: Wabelgiji hao hao, kwao walikuwa wanaongeza feza ya wote juu ya likelemba ya wafanyakazi, na huku kwetu, shida ya 1930 ilipokuja, walimrudisha mtu kijijini na mikono mitupu.

Wa nne wanasema neno ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote. Mama anayeuza mboga sokoni analipa ushuru kila siku. Yeye hana mshahara, hana posho, hakuna anayemwachisha kazi maana hakuna aliyempa. Je, ni haki feza yake imlishe mtu aliyekuwa na mshahara? Tumelifikiri sana swali hili, na tunakubali kwamba jibu la haraka litakuwa la uongo. Tunafikiri sherti tutenganishe. Chakula cha siku mbili kitoke kwa wale waliochangia: mfanyakazi kidogo katika mshahara wake, mwenye kampani zaidi yake, kwa sababu yeye ndiye alipata faida wakati wa bei nzuri. Hapo mama wa soko hachukuliwi kitu. Lakini jembe, yaani masomo ya ufundi na feza ya kuanzia, litoke katika malipo ya madini, ambayo ni mali ya wote, na mlango wake uwe wazi kwa wote: fundi aliyeachishwa, kijana asiyepata kazi hata siku moja, na mama wa soko anayetaka kujifunza kushona. Kwa njia hiyo hakuna anayekula jasho la mwingine.

Siku mbili za Leta ni ngapi?

Hatuandiki sheria, hiyo ni kazi ya wengine. Labda siku mbili za mithali ziwe miezi mitatu, labda sita. Tunalotaka kusema ni la kabla ya hesabu. Msaada kwa mtu aliyepoteza kazi si huruma, na si kitu kigeni tulichokiona katika televisheni ya Wazungu. Ni ule ugeni wa zamani uliohamia mjini. Mtu aliyeachishwa kazi ni mgeni katika maisha yake mwenyewe. Anaamka na hajui aelekee wapi. Tunajua mmoja aliyetoka nyumbani kila asubuhi na mfuko wake wa kazi kwa muda wa miezi minne, akikaa kutwa nzima karibu na reli, ili mke na watoto wasijue. Haya ilimshika kuliko njaa. Kama kungekuwa na dirisha moja mjini, lenye daftari, pahali mtu anaweza kwenda na kusema «nimepoteza kazi tarehe fulani», na kuandikwa, na kuambiwa «unayo haki ya siku hizi, kisha utapewa jembe hili», mtu yule asingekaa karibu na reli. Kuandikwa tu kungemrudishia jina lake.

Tulisema mwanzoni kwamba kifo kina mambo matatu: kinaonekana, kina mwisho, kina zamu. Sanduku la wenye kukosa kazi lingefanya jambo hilo hilo kwa walio hai. Daftari ingefanya shida ionekane. Hesabu ya siku ingeipa mwisho. Mchango wa kila mwezi ungeipa zamu. Jamaa haingeondolewa deni lake. Ndugu atabaki ndugu. Lakini ndugu mmoja mwenye mshahara asingebeba tena watu kumi na watano mpaka naye aanguke. Kidole kimoja hakiuwi chawa.

Turudi kwenye matanga. Siku ya tatu, kabla ya watu kuachana, walisoma hesabu ya daftari mbele ya wote, kama desturi inavyotaka. Ilikuwa feza nyingi kwa mtaa wa maskini. Sehemu ilibaki. Wazee wakakaa, wakauliza mjane anataka kufanya nini. Alisema ana dada huko Likasi anayeuza unga, anaweza kuanza na gunia tano. Wakamkabidhi. Mzee yule yule wa mithali ndiye aliyehesabu noti na kuziweka mkononi mwake.

Hakuna aliyesema neno, lakini sisi tuliona: alikuwa anampa jembe. Wazee wetu wanajua kulitoa. Tunaomba wasomaji wetu, wenye vyama, wenye vyeo na wenye kampani, tufikiri pamoja namna ya kulitoa miaka mitatu mbele, mwenye kulishika akingali hai.